Hemu ya Jana

Habari za kifo cha Kagendo zilinifikia nikiwa nachambua maharagwe, na swali la kwanza lililonitoka halikuwa kama aliugua sana. Niliuliza, "Alikuwa bado na meno yake yote?" Mwanangu Njeru, aliyenipigia simu, alisema, "Mami, si nimekwambia mtu amekufa?" Nilikuwa nimesikia. Lakini huyo mtu nilimwonea wivu tangu tukiwa wasichana, na wivu uliokaa mwilini muda wote huo hauwezi kuhama kwa sababu simu imelia. Watu husema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nimeshiriki maisha yangu yote na sikukonda hata kidogo. Anayebisha aulize fundi wangu wa nguo. Siku ya mazishi niliacha gauni langu jeusi la matanga, nikavaa lile la samawati la harusi za watu, nikapaka mikono mafuta, nikaenda Nkubu. Nilitaka wakiniona waseme huyu mama wa Runyenjes amejitunza. Nani wa kunitazama, hali aliyekuwa mpinzani wangu yumo ndani ya sanduku, hilo sikujiuliza mpaka nilipofika.

Mwaka niliokaa na Kagendo niliuishi hapo juu kidogo ya Nkubu, katika chuo cha masista kilichofundisha wasichana kazi za nyumbani. Ya kwetu nitayaruka: kahawa, kanisa na kuni, kila mtu wa Runyenjes anayajua. Uhuru ulikuwa bado mchanga, na kila mzee aliyekuwa na binti aliambiwa kwamba mahoteli yatafunguliwa kila mahali na wasichana wanaojua kupika chakula cha kizungu watagombaniwa. Bweni letu lilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya mafuta ya taa na sabuni ya kufulia, na blanketi za kijivu zilizokuwa zinawasha shingo. Jioni tulikula githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemshwa, tukiwa tumekaa vitandani, sahani kwenye magoti, kila mmoja akisema ya kwao ni tamu zaidi. Kagendo alikuwa kitanda cha pili kutoka changu. Alitoka Muthara, amekuja na sanduku la mbao na kicheko kilichoanzia tumboni, na kabla ya wiki kuisha hata mbwa wa masista alikuwa akimfuata. Mimi ndiye niliyekuwa nampa mbwa yule mifupa.

Jikoni ndiko nilikokupenda. Kulikuwa na stovu ya kuni iliyochukua ukuta mzima, meza ndefu iliyosuguliwa mpaka ikawa nyeupe, na friji ya mafuta ya taa iliyokuwa na tabia zake, siku nyingine inagandisha maziwa, siku nyingine karibu inayachemsha. Mwalimu wetu alikuwa Sista Bernarda, Mtaliano mfupi mwenye mikono kama ya mkulima. Nyuma ya zizi masista walifuga nguruwe, na paja la nguruwe huyo likishatiwa chumvi na kufukizwa moshi siku nyingi ndilo waliloliita hemu. Lililetwa mezani siku za sikukuu tu, zima, limechomekwa karafuu, na mapadre wakalikata vipande vyembamba kama karatasi. Lakini Sista hakupendezwa sana na hemu ya sikukuu. Alipenda ya kesho yake. "Hemu ya leo, kila mtu anaweza," alikuwa akisema. "Hemu ya jana, hapo ndipo napata mpishi."

Hemu ya jana iligeuzwa saladi. Unaitoa kwenye mfupa, unaondoa mafuta, unaipitisha kwenye mashine ya kusagia nyama yenye matundu makubwa ili isiwe uji. Unakatakata yai lililochemshwa, kitunguu kilicholowekwa kwenye maji ya chumvi na tango la siki, unatia haradali kidogo. Kisha unavifunga vyote kwa mayonezi, na chakula chenyewe kinaliwa baridi, tena baridi ya friji. Hapo ndipo wasichana wote tulitazamana. Kwetu, iwe Meru iwe Embu, chakula baridi ni cha mbwa, au cha mgeni ambaye humtaki arudi tena. Mtu akifika kwako unapuliza moto, hata kama ni ugali wa jana unaupasha. Msichana mmoja alinong'ona kwamba sasa tumefundishwa kuwafukuza wageni kwa ustadi. Sista akaeleza: mayonezi ni kiini cha yai na mafuta vilivyoshikana kwa hiari yao wenyewe, ukivipasha moto vinaachana, na vikiachana hakuna wa kuvipatanisha. Niliandika kila neno kichwani. Nilikuwa msichana wa hivyo, ukiniambia kitu mara moja nimeshika.

Mkono wangu ndio haukushika. Mayonezi hupigwa kwa mkono, upande mmoja tu, mafuta yakiingia tone kwa tone, na mimi nilihesabu matone, nikapiga upande uliotakiwa, nikashikilia bakuli kwa kitambaa chenye maji kama nilivyofundishwa, na bado ilikatika. Mara kwa mara ilikatika. Nilikuwa natazama chini naona mafuta yanaelea juu ya maji ya manjano, na Kagendo pembeni yangu anapiga yake huku akisimulia habari za mbuzi wa mjomba wake, hatazami hata bakuli, na mayonezi yake inasimama kama siagi. Na si hilo tu. Baba yake, mkristo wa dhehebu lisilogusa nguruwe, alikuwa amemwapisha asile nyama hiyo, naye alitii. Kwa hiyo saladi ya hemu aliitengeneza bila kuionja. Aliinamisha pua juu ya bakuli, akavuta, akasema, "Inataka haradali," na Sista akionja anakuta kweli inataka haradali. Nilimchukia kwa pua ile. Usiku nililala nikimwomba Mungu ampe mafua.

Lakini alikuwa rafiki yangu, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniumiza zaidi. Alinisuka nywele Jumamosi, akanipa nusu ya ndizi zake zilizotoka nyumbani. Siku moja mayonezi yangu ilipokatika akanisogelea na kusema, "Wawira, wewe unaiogopa. Hii kitu inajua mtu akiogopa." Alisema kwa wema. Ningefurahi zaidi kama angenicheka.

Kilichokuwa mbele yetu kilikuwa chumba. Mama Mukiri, mpishi mzee wa masista, alikuwa anarudi kwao mwisho wa mwaka kupumzika, na msichana mmoja kati yetu angebaki badala yake na kumsaidia Sista kufundisha. Huyo angepewa chumba cha Mama Mukiri nyuma ya jikoni: kitanda kimoja, dirisha linalotazama migomba, na mlango wenye komeo la ndani. Mimi nilikuwa sijawahi kulala peke yangu maishani mwangu. Nilipotumwa kumwita Mama Mukiri niliingia mle nikasimama katikati, nikanyoosha mikono pande zote mbili nisiguse mtu. Wengine waliobaki wangerudi makwao kuchuma kahawa na kusubiri kuolewa. Kila nilichokifanya mwaka ule nilikifanya kwa ajili ya lile komeo.

Adhuhuri moja nilikuwa nasugua sufuria nje ya dirisha la jikoni, na ndani Sista na Mama Mukiri wanakunywa kahawa. Sista akauliza, "Mama, wewe naona nani?" Mama Mukiri akachukua muda wake. "Sista, Wawira iko na kichwa. Kitu ukiambia yeye leo, hata mwaka ujao atakwambia vile ulisema. Lakini Kagendo iko na mkono." Sista akasema, "Kichwa ama mkono?" Mama Mukiri akacheka. "Mimi sijawahi ona kichwa ikipika, Sista." Nikasikia kikombe kinawekwa. "Basi," Sista akasema, "tutaona siku ya wazazi." Niliendelea kusugua sufuria ile mpaka Mama Mukiri akatoka kuniuliza kama nataka kuitoboa.

Siku ya wazazi iliangukia kesho ya sikukuu ya parokia, na hemu iliyobaki ilikuwa nyingi. Asubuhi Sista alitupanga. "Kagendo, viazi na mchuzi. Wawira, saladi." Sasa naelewa kwamba alikuwa ananipa nafasi ya haki. Wakati ule nilidhani ananichimbia shimo. Niliingia stoo ya jikoni, nikafunga mlango, nikaweka bakuli kwenye kitambaa chenye maji, nikatenga viini vya mayai, nikashika mchapo wa kupigia mayai. Sijui ni nini kilichotokea siku hiyo. Labda nilikuwa nimechoka kuogopa. Matone yaliingia, yakapotea, yakaingia mengine, na polepole ule mchapo ukaanza kuwa mzito mkononi mwangu. Nikaendelea, nikabana limau, ikawa nyeupe kidogo, ikasimama. Nikageuza kijiko juu chini na haikuanguka. Nililia mle stoo peke yangu, kisha nikafuta machozi kwa kiwiko, maana mkono ulikuwa na mafuta. Saladi ilipokamilika niliitia katika bakuli kubwa la udongo lenye maua ya buluu, nikaisawazisha juu, nikapanga vipande vya yai. Friji ilikuwa katika siku zake za kuchemsha, kwa hiyo niliacha bakuli kwenye beseni la maji ya mtoni mle jikoni, na kitambaa kilicholoa juu yake.

Mama yangu alifika mapema kuliko wazazi wote, leso mpya mabegani, kiondo mgongoni. Sikungoja hata apumzike. Nilimvuta jikoni nikafunua kitambaa. "Mami, hii ni mimi nimetengeneza. Mimi mwenyewe." Aliitazama muda mrefu, akagusa bakuli kwa kiganja. "Mbona imepoa hivi?" akauliza. Nikamwambia ndivyo inavyoliwa. Akasema, "Haya," akanishika shavu. Nikampeleka kwenye benchi chini ya kivuli pamoja na wageni waliokuwa wanaanza kuingia, nikakimbia bwenini kubadilisha nguo. Nilichana nywele zangu vizuri siku hiyo. Nilitaka nikiitwa mbele nionekane mtu wa kupewa chumba.

Niliporudi, bakuli langu lilikuwa juu ya jiko la makaa. Mafuta yalikuwa yanaelea juu, manjano, na chini yake hemu na chembechembe za yai zimeshikana kama maziwa yaliyoharibika. Kagendo alikuwa amesimama hapo peke yake na mwiko mkononi. Hakuna aliyehitaji kunieleza kitu. Nilipiga kelele, nadhani hata wageni walisikia. "Ni wewe! Ulijua leo imeshika! Hukutaka nibaki!" Kagendo alifungua mdomo. Akatazama mlango unaoelekea kwenye mabenchi, akafunga mdomo. Kisha akaepua bakuli, akamwaga mafuta pembeni, akasema kwa sauti ndogo, "Wawira, lete ile sufuria ya viazi. Haraka, kabla Sista hajakuja." Sikuleta. Alienda kuileta mwenyewe. Akamwaga hemu yangu ndani ya viazi vyake vya moto, akaongeza majani ya maboga na vitunguu, akaponda kama anavyoponda mwanamke yeyote wa kwetu mukimo wa sherehe, akainamisha pua, akatia chumvi. Mimi nilisimama tu na nywele zangu nzuri.

Wazazi walikula mpaka wakakwangua sufuria. Walikuwa wamekuja wakiogopa chakula cha kizungu, na walipoona mukimo unaotoa moshi walipumua. Mzee mmoja akasema, "Hawa masista kumbe ni watu wetu." Sista Bernarda alionja, akafunga macho, akauliza nani amefanya hivi, na wote wakamwonyesha Kagendo kwa vidole. Alianza kusema, "Sista, hemu ni ya Wawira—" lakini Sista alikuwa ameshamkumbatia. Mama yangu alikula kimya, akiangalia sahani. Nilipomuuliza kama chakula ni kizuri alisema, "Ni kizuri," na hakuinua macho. Nilidhani anaona aibu kwa ajili yangu.

Kagendo akabaki na chumba, na baadaye na nyumba yake hapo hapo Nkubu, mimi nikarudi nyumbani. Si kwamba maisha yalinitupa: niliolewa na mtu mzuri, baadaye nikafundisha upishi huko Embu mpaka nikastaafu, na wasichana wangu wengi leo wanapika katika mahoteli makubwa kuliko yale tuliyoahidiwa. Nimelala katika vyumba vyenye komeo. Lakini kila nilipopita Nkubu niligeuza uso upande wa pili wa barabara. Tulikutana mara moja tu, kwenye harusi, akanipa mkono akasema, "Wawira wetu," nikampa ncha za vidole. Na kila Krismasi nilinunua hemu mjini Embu ili kesho yake nitengeneze saladi, na mayonezi haikunikatikia tena hata siku moja, na kila mara niliweka sahani mbele ya mama yangu. Kila mara aliisukuma. "Mimi sili chakula kilichokufa mara mbili," alikuwa akisema. Alikula kiazi kimoja na chai. Mpaka anazikwa hakuwahi kuonja saladi yangu.

Sasa turudi kwenye mazishi. Watu walipoanza kupanga foleni ya wali na maharagwe, mwanamke mmoja alikuja kunishika mkono. Sikuhitaji kuuliza ni nani; alikuwa na kile kicheko cha Muthara hata macho yakiwa mekundu. "Anti Wawira? Mimi ni Kinya, wa Kagendo. Kuja ndani. Mum alisema siku yake ikifika, wewe usipewe wali kama watu wengine." Akanikalisha jikoni kwa mama yake, kwenye kiti cha mbao kando ya dirisha, akafungua friji, akaniwekea bakuli na kijiko. Nilijua ni saladi ya hemu kabla hajaondoa kifuniko. Alikuwa ameipanga na vipande vya yai juu, kama nilivyoipanga yangu.

"Mum hakuwa anaionja," Kinya akasema, "lakini alinifundisha. Alikuwa anatengenezea shosho sana sana."

"Shosho gani?" nikauliza.

"Si yule shosho, nyanya wa Runyenjes? Mamako." Alinitazama kama mtu anayeogopa amekosea. "Hukujua? Alikuwa anakuja hapa kila akija hospitali ya Nkubu kuonwa macho. Mara ya kwanza alikuja na kuku. Mimi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka, alisimama hapo kwa mlango akaambia Mum, 'Ni mimi niliweka hiyo bakuli kwa moto. Niliona mtoto wangu atapea watu chakula baridi, watu wamcheke.' Na Mum akamwambia, 'Mami, najua. Nilikuona ukitoka.'"

Niliweka kijiko chini. Nikauliza, na sauti yangu haikuwa nzuri, kwa nini basi Kagendo hakusema siku ile ile, kwa nini aliniacha nimpigie kelele mbele ya nusu ya Meru.

"Nilimuuliza hiyo pia," Kinya akasema. "Alisema, 'Sasa ningesema nini? Mzazi wa mtu amekuja siku yake, amevaa leso mpya. Ningemwonyesha kidole mbele ya wageni?' Halafu shosho akamwomba asikwambie. Alisema ulitaka hiyo kazi sana, ukijua ni yeye hutamsamehe. Basi wakawa wanakula tu, wanapiga stori. Walikuwa wanakusema sana, Anti, lakini vizuri."

Najua kitabu kizuri kingetaka nini hapa. Kingetaka nilie, nitoke nje, nipige magoti kwenye udongo mbichi na kumwita Kagendo dada yangu. Huruma ilikuwepo, sikatai, na ya mama yangu ndiyo iliyozidi, yule mama aliyekaa na siri ile akaogopa mtoto wake mwenyewe. Lakini juu ya huruma hiyo ulipanda wivu, wivu mpya kabisa, mkubwa kuliko wa chumba na komeo. Niliwaza zile safari za hospitali. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpa nauli, nikimwambia, "Mami, urudi mapema," naye akirudi jioni amechangamka, hataki chakula, ananiambia ameshiba. Nilidhani masista wa hospitali wamempa uji.

"Na alikuwa anaila?" nikauliza. "Hii? Mama yangu?"

"Kuila? Alikuwa anaongeza! Baridi hivi hivi." Kinya akaona sijaanza kula, akanyoosha mkono kuchukua bakuli. "Ama imepoa sana, Anti? Nikupashie kidogo?"

"Wacha," nikasema, nikalishika kwa mikono miwili. Nilikula kijiko, nikala kingine. Ilikuwa nzuri kuliko yangu. Haradali ilikuwa mahali pake, kitunguu hakikuuma, na sikupata kosa hata moja, nami nilitafuta. Nje walikuwa wanaimba, na udongo ulikuwa umeshamfunika yule mwanamke, na bado alikuwa ananishinda.

Nikamuuliza Kinya mama yangu alikuwa akikaa wapi akija.

"Hapo," akasema. "Hapo hapo umekaa."